Mkono wa Kushoto wa Kinyozi

Mkono wa kushoto wa kinyozi uliacha kukosea ghafla, na balaa lilianzia hapo.

Kabla ya hapo ulikuwa mzito kama wa kuazima. Bendi ya mtaani ilimwahidi nafasi ya kupiga drams, kwa sharti ajifunze kwanza pigo la msingi: kulia, kushoto, kulia-kulia, kushoto, kulia, kushoto-kushoto. Kila wateja walipoadimika aliweka kipande cha mpira juu ya meza ya saluni, akapiga. Wa kulia ulikwenda. Wa kushoto ulijikwaa. Mchana mmoja akabwaga vijiti sakafuni, akafoka, "Mkono gani huu! Anayejua kuutumia na auchukue!"

Kesho yake mkono ulipiga bila kosa. Mkewe, aliyekuwa akifagia nywele, alishangilia, kisha akakunja pua. "Mbona pananuka ngozi mbichi, kama ya ngoma?"

Kinyozi aliutazama mkono wake. Alikuwa ameshaweka vijiti chini, lakini mlio uliendelea. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa vikigonga meza, na yeye hakuvituma.

Mara baba mkwe wake akaingia kunyolewa ndevu. Akaegemeza kichwa, akafumba macho, akaanza kumsema jirani yake. Kinyozi alishika wembe kwa mkono wa kulia, ana hakika, lakini alipotupa jicho kwenye kioo aliuona umo kushoto, na mkono ule ukaanza kugonga koo la mzee kwa ubapa wa wembe, taratibu, kushoto-kushoto, na kwa kila pigo ubapa ukageuka kidogo kuelekea makali, na alipojaribu kupiga kelele sauti iliyomtoka haikuwa yake, ilikuwa nzito, ina kicheko ndani, ikasema, "Ulinipa mwenyewe. Tulia nikuoneshe."

"Baba, usitikisike," mkewe alinong'ona, kisha akaurukia mkono ule, akaung'ang'ania kwa uzito wake wote mpaka wembe ukaanguka. Mchirizi mwembamba wa damu ulikuwa ukishuka shingoni mwa mzee.

Jioni aliletwa mganga, mama mmoja asiye na mzaha. Akaufunga mkono kwenye mguu wa kiti. Ukagonga mbao mpaka kucha zikapasuka.

"Nani wewe?"

"Mwenye mkono," ile sauti nzito ikajibu kinywani mwa kinyozi.

"Toka!"

"Nitatoka na changu."

Mganga akamgeukia kinyozi. "Mwanangu, hadanganyi. Ulimpa kwa kinywa chako. Akitoka, atatoka na uhai wa mkono. Akibaki, leo ni mkweo, kesho sijui nani."

Kinyozi alimtazama mkewe, kisha mganga. "Mama, mimi nakula kwa mikono hii."

"Najua."

Kinyozi akautazama mkono uliofungwa. "Aende nao."

Mganga akasoma dua zake kwa sauti ya chini. Kiti kikaruka, kioo kikapasuka, harufu ya ngozi ikawakaba koo wote waliokuwemo. Kisha ikakatika.

Walipoufungua mkono, ulining'inia. Mkewe akaupakata, akaukanda kidole kimoja kimoja.

"Unasikia, mume wangu?"

"Nasikia," akasema, akageuza uso asionekane. Hakusikia kitu.