Nilimwachia Dada Friza ya Wajane

Nina miaka arobaini na mitatu, mjane, mkazi wa Usagara hapa Tanga. Mkasa huu umenitoa machozi mengi, lakini leo silii. Nina hasira!

Mtaani kwetu tuna ghala la chakula cha wazee na wajane. Wavuvi wa Kigombe hututolea samaki wa sadaka, wakulima wa Amani hutuletea mboga. Tulipopewa friza kubwa, kamati ilinikabidhi mimi funguo. Kila Jumatatu tunagawa.

Ijumaa moja akaja dada yangu wa tumbo moja, Mwanaidi. Anaoza binti. Alitaka friza apozee soda, siku moja tu... Samaki, alisema, atawahamishia kwenye barafu. Nikatae, watu waseme nini? Na binti yake si mwanangu? Nikatoa funguo bila kuiambia kamati. Kosa langu hilo, silikwepi.

Jumapili mchana nikaenda kuangalia. Jamani! Samaki wametupwa uani kwenye viroba, jua linawawakia, nzi wamejaa. Barafu hata chembe! Niliwafukia kwa mikono yangu huku nalia.

Jumatatu akaja Bi. Mwanakombo, kikongwe anayelea wajukuu wanne, na bakuli lake. Nikamwamkia shikamoo, nikashindwa kumtazama. Alirudi na bakuli tupu...

Kamati ikatuita. Nilikiri yote, nikadhani dada naye atasema kweli. Mnajua alisema nini?

"Mimi soda zangu nilipoza kwa barafu ya kununua. Samaki muulizeni mwenye funguo, huenda kawauza."

Mbele ya watu! Dada niliyenyonya naye ziwa moja!

Nikanyang'anywa funguo. Mtaani nikaitwa mwizi. Nikafa? Sikufa! Nilipita nyumba kwa nyumba nikieleza ukweli. Kisha nikajenga uani kwangu kibanda cha kuta za wavu uliojazwa mkaa. Nazimwagia maji asubuhi na jioni, ndani panakaa ubaridi, mboga hazinyauki. Wakulima wa Amani sasa wananiletea mimi, na Bi. Mwanakombo ndiye wa kwanza kupiga hodi.

Ndugu wananiita roho mbaya kwa sababu kibanda kile simwazimi mtu. Na waniite! Wasomaji wenzangu, ukikabidhiwa chakula cha wanyonge, usimwonee haya ndugu. Mwambie hapana, hata akinuna mwaka mzima.

Na wewe dada, najua utayasoma haya. Ndiyo, ni mimi niliyeandika!