Aliyelamba Stempu

Agnela tulikaa naye jirani pale Sokon I kabla hawajahama. Alikuwa mtaalamu wa maabara, mke wa Abdiel, mama wa binti mmoja, Princess, aliyekuwa akisoma bweni. Wenzake walikusanya vitenge. Yeye alikusanya stempu za ushuru za enzi za mkoloni, zile zilizobandikwa kwenye hati na risiti kuonyesha kwamba serikali imeshapata chake. Ukimpelekea kipande cha ukubwa wa ukucha alikiangalia kwa lenzi, akakwambia ni cha mfalme yupi.

Jumamosi moja asubuhi, Abdiel akiosha gari uani, simu ya Agnela ikaita. Ni Elifuraha, kijana wa Kimeru anayefanya naye kazi maabara.

"Dada, kwa mama huku juu kuna stempu za zamani. Amesema uje uzione."

"Zimebandikwa kwenye nini?"

"Kwenye mlango."

Agnela akatia lenzi, kibanio na bahasha ya stempu zake za kulinganishia kwenye mkoba, akaondoka. Elifuraha alimpokea kituoni Kikatiti, wakapanda pamoja kuelekea mlimani, kati ya migomba na mibuni. Meru ulikuwa umejifunika ukungu mpaka kifuani. Nyumba ilikuwa ya mawe, ya mzungu mmoja mkulima wa kahawa, na alipoondoka ikabaki mikononi mwa mpishi wake. Mpishi huyo ndiye baba mkwe wa Kaanaeli, mama yake Elifuraha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa." Bibi akamwekea chai ya chupa mezani, kisha akamwonyesha ukumbini.

Palikuwa na kabati lililojengwa ndani ya ukuta. Lilikuwa na mlango mmoja wa mbao nyeusi, usio na kitasa wala kufuli. Kilichoufunga ni stempu, zimebandikwa kuvuka ufa, nusu kwenye mlango, nusu kwenye fremu, kutoka juu hadi karibu na sakafu.

Agnela akapiga magoti kwa furaha. Akaanza kuzitambua kwa sauti, kama mtu anayeita majina ya wajukuu. Huyu mfalme mwenye ndevu. Huyu ni mwanawe, hana ndevu. Huyu malkia. Na hizi za juu kabisa ni za Jamhuri. Zilikuwa zimepandana tabaka juu ya tabaka. Mtu alikuwa akibandika mpya juu ya zilizochanika, utawala baada ya utawala.

Ndipo akaona kwamba karibu zote zimechanika katikati, kwenye ufa.

Akasogeza lenzi. Karatasi ikichanwa huacha nyuzi, na nyuzi huelekea upande ilikosukumiwa. Hizi zote zilielekea nje.

"Mama," akauliza taratibu, "kabatini kuna nini?"

Kaanaeli akajibu kwa kunong'ona, macho yake yakiwa mlangoni. "Mzungu alilikuta, akaliacha. Baba mkwe alijaribu dawa. Wakaja wazee wa kanisa, wakasali. Halikusikia. Mwishowe baba mkwe akagundua linaogopa kitu kimoja tu, serikali. Stempu zimeniishia, mwanangu. Unazo nyingine?"

Agnela akacheka kidogo, kwa adabu. Jicho lake lilikuwa limeshatua pengine. Chini kabisa, karibu na sakafu, palikuwa na stempu moja nzima, haijachanika: mfalme mwenye ndevu, na neno Tanganyika limechapwa kichwa chini, miguu juu. Alikuwa ameitafuta maisha yake yote.

"Hii lazima niibandue, mama. Alama ya maji, ile chapa iliyofichwa kwenye karatasi, iko mgongoni, bila kuiona siwezi kuitambua."

"Usiiguse hiyo. Ndiyo iliyobaki."

Kaanaeli akatoka kwenda kumwita mwanawe aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe. Agnela akabaki peke yake. Tamaa mbele, mauti nyuma. Aliujua msemo huo tangu utotoni. Hata hivyo akalowesha leso kwa chai ya moto, akaikandamiza juu ya stempu, akangoja, akaingiza kibanio.

Ikabanduka kiulaini kama ganda la yai lililochemshwa.

Nyuma ya mlango, kitu kikavuta pumzi.

Agnela hakusogea. Mlango ulifunguka upana wa kidole. Rafu zilikuwa tupu. Hapakuwa na nguo, wala panya, wala vumbi. Ila upande wa ndani wa mlango uling'aa. Mbao zilikuwa zimelika, laini, zimechimbika mabonde-mabonde, kama jiwe la chumvi lililolambwa na ng'ombe miaka mingi.

Na zilikuwa bado zimelowa.

Mlango ukasukumwa. Akausukuma. Ukasukumwa tena, polepole, bila haraka. Miguu yake ikateleza.

"Mama! Mama Kaanaeli!"

Bibi akaingia mbio, akaegemeza bega lake kavu mlangoni. "Bandika! Bandika chochote!"

Agnela akaimwaga bahasha. Stempu zake za miaka yote zikatapakaa sakafuni. Akaokota. Akalamba. Akabandika. Akalamba. Akabandika. Ile yenye kosa la uchapaji ikarudi mahali pake. Mfalme. Malkia. Mfalme. Gundi kuukuu ikamjaa ulimi, chungu.

Mlango ukatulia.

Walikaa chini wote wawili, wakihema. Kisha Kaanaeli akauliza, kwa sauti ndogo sana:

"Nani amelamba?"

"Mimi."

Machozi yakamtoka bibi, lakini uso wake ulikuwa umelegea, kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Mate yangu ndiyo lililoyajua miaka yote hii," akasema. "Kabla yangu, ya baba mkwe. Sasa limeyaonja yako. Nenda nyumbani, mwanangu. Nisamehe."

Agnela alirudi mjini bila kumwambia Abdiel lolote. Lakini tangu siku hiyo hakutulia. Chakula kilimkataa, kila tonge lilikuwa na ladha ya gundi. Kazini alisimama ghafla katikati ya mazungumzo akaenda kufunga droo. Nyumbani alizunguka chumba hadi chumba, akigusa milango kwa kiganja. Abdiel akimuuliza, anasema, "Nasikiliza tu."

Ndipo Elifuraha akaja kumwona kantini. "Mama analala usingizi mzuri, dada. Hajalala hivyo tangu niko mdogo. Ila kabati liko wazi. Tulilikuta hivyo. Stempu zako zote hazipo. Hata alama ya gundi hatukuiona."

Agnela akaacha chai yake, akarudi nyumbani kwa bodaboda.

Alimkuta Abdiel amesimama ukumbini mbele ya chumba cha Princess. Shule zilikuwa zinafungwa, alitaka kuingiza hewa safi. Chumba hicho kilikuwa kimefungwa kwa ufunguo tangu mtoto aondoke, na dirisha lina nondo.

"Nimefungua," Abdiel akanong'ona, "nikasikia karatasi inachanika."

Agnela akachungulia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Hapakuwa na mtu. Kwa upande wa ndani, kuvuka ufa wa mlango na fremu, palikuwa pamebandikwa stempu moja. Sasa ilikuwa imechanika nusu kwa nusu.

Akatoa lenzi. Haikuwa ya mfalme yeyote. Haikuwa ya malkia, wala ya Jamhuri. Maandishi yake hayakuwa ya lugha aliyoijua. Na palipotakiwa kuwa na kichwa cha mtawala, paliachwa duara jeupe, tupu.

Princess hakulala chumba kile hata siku moja. Walimpokea kituoni na mizigo juu ya gari, wakahamia Kisongo moja kwa moja. Picha za stempu ile Agnela amewatumia wakusanyaji wenzake wa kila nchi, na hakuna aliyeitambua.

Vipande viwili vyenyewe anavyo mpaka leo, kwenye sahani ya maabara. Kila akifunua kifuniko, gundi bado imelowa mate.