Mbwa wa Mabwana Wawili

Afadhali hakulala kama mbwa wengine. Kivuli cha ukuta wa tembe kilikuwa kipana, kingewatosha watu na mbuzi wao, lakini yeye alijikunja pembeni kabisa, nusu ya mgongo juani, akaacha nafasi kati yake na ukuta. Nafasi ya mtu mzima aliyejinyoosha. Anyesi alipoiona mara ya kwanza alicheka, akasema mbwa wa Mzungu ana adabu za Kizungu. Kuku hawakucheka. Walidonoa mpaka ukingoni mwa nafasi ile, kisha wakazunguka.

Zilikuwa enzi za Mdachi, reli ilipokuwa inaingia Dodoma, na watu wa Mkonze walishazoea milio ya nyundo na baruti. Anyesi na mumewe Matonya walikuwa na ng'ombe wachache na mtoto mmoja tu, Priska, aliyekuwa anang'oka meno ya utoto. Zamani kidogo walikuwa pia na mbwa wawili, Watasema na Waache. Majina hayo Anyesi aliyatoa kwa ajili ya jirani zake, maana mwanamke aliyekaa miaka mingi bila kuzaa husemwa sana, naye alipenda kusimama uani jioni akayaita kwa sauti ya kufika kwa wahusika. Mbwa hao ndio waliomfukuza fisi mlangoni siku aliyozaliwa Priska. Wakaja kufa pamoja, povu mdomoni, kwa nyama ya sumu ambayo watu wa kambi ya reli walikuwa wamemtegea fisi huyohuyo au nduguye. Anyesi aliwalilia kama watu. Matonya akamwambia, "Mke wangu, majirani watatucheka." Akajibu, "Watasema," akasikia kwamba ametaja jina la mbwa wake, akaanza kulia upya.

Aliyemleta huyu mpya ni Seleman, mpishi wa kambi.

"Bwana wake kafa kwa homa," alisema. "Mbwa hataki kutoka hemani. Na nyie mlifiwa kwa sumu yetu. Mchukueni, Mama Priska, tafadhali."

Alikuwa na haraka. Togwa aliyopewa hakuimaliza, na kila mara aligeuka kutazama nyuma. Mbwa mwenyewe alikuwa mkubwa, wa rangi ya majivu, mvi zimeanza mdomoni. Anyesi hakutaka mbwa mwingine. Moyo wake ulikuwa bado na kidonda. Lakini yule mnyama alimsogelea taratibu, akaweka kidevu juu ya mguu wake, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyechoka na safari. Ikawa basi.

"Afadhali tuna huyu," alisema Priska, na jina likakaa.

Mbwa mzima si mtoto wa mbwa. Ana kwao anakokukumbuka. Kwa hiyo Anyesi alifanya wanachofanya wanawake wote: alichukua tonge la ugali wa uwele, akalibana kwapani mpaka likalowa jasho lake, akamlisha kwa mkono. Tangu hapo mbwa hakumwacha. Akienda kisimani wako wawili, akienda kuchuma mlenda wako wawili. Kidonda kikaanza kufunga, naye akamshukuru Mungu kwa hilo.

Kisha ikaja harufu. Kiangazi kilikuwa kimeshika, ardhi imepasuka, na jua la utosi limewaingiza watu wote ndani. Anyesi akasikia harufu ya mvua, ile ya vumbi linapopokea tone la kwanza, ambayo Ugogo huwatoa watu nje wakishangilia. Alitoka mbio. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kusingizia. Harufu ilikuwa inatoka ukutani, kwenye ile nafasi. Halafu mluzi ukapigwa, wa chini, wa mtu asiyetaka kuamsha watu. Afadhali akainuka, akakaa kitako, akanyoosha mguu wa mbele hewani, na mguu ukashikwa. Anyesi aliona kabisa manyoya yakibonyea.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Baada ya hapo Priska akaanza kukonda. Alikaa na wazazi wake kwenye ugali, sahani ikaisha, akasema ameshiba, lakini tumbo lake lilikuwa limeingia ndani. Matonya alidhani ni minyoo, akachemsha mizizi. Mtoto akazidi kukonda, mpaka shanga za kiunoni zikawa zinamtoka akitembea.

Siku moja, jua likiwa katikati, Anyesi alimpa bakuli la uji akajificha nyuma ya mlango, akachungulia, na aliyoyaona aliendelea kuyaona hata akifumba macho: mtoto amekaa ndani ya ile nafasi, mgongo ukutani, harufu ya mvua imejaa uani, mbwa kainamisha kichwa na mkia unapigapiga chini kwa furaha ya kuwa na bwana wake, na bakuli linainuka kwa mikono ya Priska, mdomo wa Priska unafunguka, lakini unafunguka zaidi ya mdomo wa mtoto, na uji unaingia na koo halimezi, koo limetulia tu, wala halichezi, huku kisulisuli cha vumbi kimesimama pale mbele yake kimo cha mtu, kinazunguka bila kwenda mbele wala nyuma, mpaka bakuli lilipokuwa jeupe na mtoto akafuta midomo mikavu na kusema, "Nimeshiba, asante," na hakuwa akisema na mtu wa nyumbani.

Usiku ule Anyesi alimweleza mumewe yote, na kulipokucha Matonya alikwenda kambini akiwa na mkuki. Seleman hakungoja kuulizwa. Alimvuta kando, akanong'ona.

"Bwana alipiga hema kwenye mawe, mahali wenyeji walipomkataza. Kila adhuhuri alimpigia mbwa mluzi. Siku moja akapiga, ukajibiwa. Toka hapo mbwa akawa na mabwana wawili. Mmoja nimemzika."

"Ulisema alikufa kwa homa."

"Alikufa kwa njaa, Baba Priska. Na mimi nampikia kila siku, na sahani zinarudi tupu." Seleman alikuwa analia. "Nisamehe. Niliogopa zamu yangu."

Walijaribu lililo rahisi. Matonya alimpakia mbwa kwenye gari la mawe, akampeleka mbali, akamwacha kwa wajenzi. Jioni ileile Priska alikula akatapika kwa kula sana, akala tena. Anyesi alikaa akimtazama mtoto akitafuna, huku yeye anacheka na kumlilia mbwa kwa wakati mmoja. Lakini mbwa mwema ndivyo alivyo. Siku chache baadaye Afadhali alirudi kwa miguu, nyayo zimechanika damu, akajitupa mbele ya Anyesi kwa furaha. Harufu ya mvua ikaingia nyuma yake. Priska akasukuma sahani, akasema ameshiba.

Kesho yake Matonya akainua mkuki.

"Thubutu!" Sauti ilitoka langoni. Alikuwa Bi Mwamvua, mganga wa majini kutoka mjini, aliyeitwa tangu asubuhi, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali. "Utakapomwaga damu yake, hapo ndipo hicho kitakapojenga. Unataka kijenge uani kwako?"

"Shikamoo, bibi," alisema Anyesi.

"Marahaba. Mbwa huyo ulimlisha nini siku ya kwanza?"

Anyesi akainamisha kichwa. "Tonge la kwapani."

"Basi hakai hapa kwa ajili ya nyumba. Anakufuata wewe. Na kile kinamfuata yeye, na kikifika mahali kinaanza na aliye laini." Bi Mwamvua alifukiza ubani, akasoma, akatoka jasho, na mwisho akatupa chetezo chini. "Siwezi. Hakina kosa na mtu, hakidai kitu. Kina njaa tu, na kinampenda mbwa wake. Nitakifukuza kwa lipi?"

"Nifungulie basi tonge langu!"

"Mwanangu, lililokwisha kumezwa halifunguliwi."

Anyesi alimtazama mwanawe, kisha mbwa, ambaye alikuwa anamtazama yeye kwa macho ya upendo mtupu. Alitafuta chuki moyoni mwake ili imsaidie, akaikosa.

Aliondoka kabla mtoto hajaamka. Matonya alimshika mkono mpaka langoni. Akafuata reli kwenda magharibi, mbwa kando yake, na majirani wakasema amemkimbilia kibarua.

Mwaka ule ulipokuwa unaisha, Seleman alimkuta kwenye kambi moja mbele ya Kilimatinde, akichotea wajenzi maji. Hakumtambua mpaka alipomwona mbwa. Mifupa ya mashavu ilikuwa imechomoza, na kanga ilimzunguka mara nyingi.

"Mbukwa, Seleman," Anyesi alimsalimu kwa Kigogo. "Mtoto anakula?"

"Anakula, Mama Priska. Kanenepa, huwezi kumjua. Anakuulizia kila siku. Wamesema mavuno yakiisha yeye na baba yake watakuja kukutafuta."

Ndoo ikamponyoka Anyesi.

"Mwambie nimekufa."

"Mama Priska!"

"Mwambie homa. Mwambie ulinizika wewe, uliona kwa macho yako. Uliwahi kunidanganya mimi, huwezi kumdanganya yeye?"

Seleman alitaka kumpa mkate aliokuwa nao, akaushika, akaurudisha mfukoni, kwani alijua ungeliwa na nani. Akaaga. Anyesi alisimama akimwangalia hadi alipopotea kwenye kona ya reli, ndipo alipokaa chini akalia kwa sauti. Mbwa akamlamba machozi, na mkono mwingine, mkubwa na wa baridi, ukampapasa mgongoni taratibu, ukimbembeleza.