Dereva-Kivuli wa Altezza

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, lakini kanyagio la klachi lilizama, gia ikaruka kutoka ya pili kwenda ya tatu, na usukani ukazunguka kuifuata kona. Altezza nyeupe ya Daktari Anaeli Swai ilishika barabara ya zamani ya kwenda Monduli bila mtu kuigusa. Mwenyewe Anaeli alikaa kiti cha kushoto, mikono mapajani, kama mgeni aliyekuja kuposa. Mkewe Manka alikuwa nyuma na kibao chake cha kioo, akitabasamu peke yake.

Gari kujiendesha halikuwa jambo la ajabu Arusha ya siku hizo. Mjini kote watu walibebwa na vijiendeshi, magari ya mviringo yasiyo na usukani wala kanyagio, na Manka alikuwa mmoja wa wahandisi waliovifundisha adabu za barabarani. Ajabu ya mtambo ulioiendesha Altezza ni kwamba uliendesha kama Anaeli. Ulipiga akseleta kidogo kabla ya kushusha gia, kama yeye. Ulichelewesha breki mpaka abiria ashike mlango, kama yeye. Manka aliuita dereva-kivuli. Alikuwa amebandika nyuzi za kuhisi, nyembamba kuliko unywele, kwenye usukani, kanyagio na gia, na Jumapili baada ya Jumapili nyuzi hizo zikajifunza mwendo wa mumewe. Mtambo ulikuwa na macho yake pia, ila Manka aliyaagiza yawe na heshima: yakiona hivi na mazoea ya Anaeli yakisema vile, mazoea yafuatwe, ilimradi hakuna hatari.

Alifanya yote hayo kwa sababu Anaeli alimwambia macho yameanza kuchoka, na kwamba huenda mwakani akalazimika kuuacha usukani. Manka alijua maana yake. Anaeli alikuwa daktari wa meno mstaafu, mtu mpole asiyepandisha sauti, na raha zake zote zilikuwa kwenye hilo gari la Kijapani lililotoka kiwandani kabla yeye hajazaliwa. Alilishusha springi, akalifunga tabo ya kuongeza nguvu na ekzosi pana. Petroli ilipokoma kuuzwa, yeye na rafiki zake waliigeuza injini inywe spiriti ya molasi, na tangu hapo kila lilipopita liliacha harufu ya sukari guru. Manka aliliita mke mwenza. "Mke mwenza ameamkaje?" aliuliza kila alipomwona bwana anaingia jikoni na grisi hadi kwenye nyusi. Alitania tu. Alilipenda, kwa kuwa humo ndani ndimo mume wake alimokuwa kijana.

"Vipi, Baba Haika? Anafanana na wewe?"

"Mno," alisema Anaeli. "Sijui hata mimi nimebakiwa na kazi gani."

Walipokaribia Kisongo, usukani ulikata ghafla kulia, gari likachepuka kidogo, kisha likarudi kwenye njia yake.

Manka aliinua uso. "Amekwepa nini?"

"Shimo," Anaeli alijibu bila kufikiri. "Lile kubwa. Gari limeshushwa hili, ukilipiga unaiacha ekzosi hapo hapo."

Manka aligeuka kutazama nyuma. Lami ilikuwa laini. "Roboti za halmashauri zililiziba hilo, Baba Haika. Kabla ya Krismasi."

Anaeli aligeuzia uso dirishani.

Kwanza Manka aliulaumu mtambo wake. Alifungua kumbukumbu za dereva-kivuli kwenye kibao, akapekua Jumapili moja moja, na mahali pale pale akaukuta mkono wa mumewe ukikata kulia. Anaeli alifanya hivyo Krismasi ikiwa imepita, Pasaka ikiwa imepita, wiki iliyopita pia. Mtambo haukukosea chochote. Ulikuwa umemfuata mtu anayekwepa shimo lisilokuwepo.

Akauamuru mtambo uegeshe pembeni.

"Ile pale ng'ambo ni nini?" aliuliza polepole.

Anaeli aligeuza kichwa, akakikaza kidogo kama anayesikiliza. "Mbuzi," alisema.

"Ni kijiendeshi chekundu. Kimesimama."

Mzee wa watu akashusha pumzi, akasugua magoti yake. "Haya. Umenikamata."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi, kidogo kidogo. Sasa naona mwanga na giza tu. Nilipostaafu nikasema ni mgongo, lakini mgongo haujawahi kuniuma. Ilifika mahali sioni jino."

"Na bado ukatuendesha."

"Injini inaniambia kasi. Matairi yananiambia nikikaribia ukingo. Barabara hii naijua kama kitanda changu."

"Na magari mengine?"

"Hayo uliyafundisha wewe, Mama Haika. Yananipisha."

Manka alikiweka kibao pembeni. Ni kweli, aliyafundisha. Kijiendeshi kikiona gari linayumba hupunguza mwendo na kusogea pembeni, bila honi wala malalamiko, na hakipeleki taarifa kwa yeyote. Alipata hata tuzo kwa upole huo. Mji mzima wenye akili ulikuwa umempisha mtu anayepofuka, na hakuna aliyemuuliza kama anaona. Naye mkewe, aliyekaa nyuma yake Jumapili zote hizo, alikuwa akitazama kibao.

Alilia kwa hasira kwanza. "Tungekufa. Haika tungemwachia nani?" Kisha akalia kwa uchungu tu, na Anaeli akarudisha mkono nyuma akiutafuta wake mpaka akaupata.

"Niliogopa," alisema. "Nilijua nikikuambia, imekwisha. Na imekwisha. Lipelekeni makumbusho."

"Si kuna kivuli? Atakuendesha mpaka uzeeke."

"Kazi yako nzuri, mke wangu, nami nakushukuru. Lakini hapa nilipokaa mimi ni kapu la nyanya. Nabebwa."

Manka alifuta uso. Alikitazama kiti kitupu, akauzima mtambo, akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva. Magari maelfu yaliyokuwa yakitembea mjini aliyafundisha yeye, na maisha yake yote hakuwahi kushika usukani.

"Unafanya nini?" aliuliza Anaeli.

"Sogeza mkono wako hapa kwenye gia. Wewe unasikia, mimi naona. Niambie klachi ni ipi."

"Mama Haika, acha mzaha."

"Ipi?"

Anaeli aliweka mkono juu ya gia. "Ya kushoto," alisema. "Ikanyage mpaka chini. Ukiiachia, taratibu, kama unamlaza mtoto aliyesinzia."

Gari likakohoa, likaruka, likazima. Likazima tena. Manka alitokwa na jasho, akamwomba mke mwenza msamaha kwa sauti, na Anaeli akacheka mpaka akakohoa. Kisha likaondoka, likitetemeka, likatetemeka kidogo zaidi, likanyooka.

Anaeli aliinamisha kichwa kuelekea boneti. "Klachi," alisema. Manka akakanyaga, na mkono wa Anaeli ukaweka ya pili bila kukwaruza. "Klachi." Ikaingia ya tatu. Tabo ikapiga mluzi, na Manka akausikia mwili mzima ukitaka kupiga kelele kwa hofu na furaha.

"Mbele kuna nini?" aliuliza Anaeli.

Manka aliitazama barabara kwa macho yote mawili. "Kona ndefu ya kulia. Halafu mteremko. Kuna mama anachoma mahindi, amevaa kitenge cha manjano. Mlima una wingu moja tu, limekaa kichwani kama kofia. Upande wangu alizeti zimechanua, nyingi, zinaenda mpaka sizioni tena."

"Klachi," alisema Anaeli, akaweka ya nne. "Endelea. Usiruke kitu."