Bingwa na Alama ya Usawa

Kila vipindi vilipokwisha, msichana ambaye wenzake walimwita Bingwa alikuwa wa kwanza kufika chumba cha kompyuta. Alipangusa vumbi kwenye kibodi, akaanza kuandika programu kwa lugha ya zamani aliyoijua barabara. Humo unaiamuru kompyuta hatua kwa hatua: fanya hiki, kisha kile.

Siku hiyo mwalimu alitaka programu ya kujumlisha alama za darasa, iandikwe kwa lugha ya zamani na tena kwa lugha mpya, kisha zilinganishwe mbele ya wote. Ambaye angefaulu angeiwakilisha shule mashindanoni, na Bingwa aliitaka nafasi hiyo kwa kufa na kupona.

Ya kwanza aliimaliza upesi. Kwa ya pili akanakili tu ileile ya kwanza, mstari kwa mstari: "jumla = jumla + alama." Akabonyeza. Kompyuta kimya. Akabonyeza tena. Kimya!

"Lugha gani hii?" akafoka. "Hata kujumlisha haijui!"

"Umesoma somo lake la kwanza?" binamu yake aliyeketi jirani akauliza.

"Nisome nini? Kujumlisha ni kujumlisha. Hebu niache, nawe!"

Alipoitwa mbele alikuwa amevimba kwa hasira. "Mwalimu, lugha mpya haifai. Imegoma."

Mwalimu aliitazama skrini, akashusha pumzi. "Jamani, mwanangu! Alama hii ya usawa ina maana gani?"

"Chukua jumla, ongeza alama, rudisha palepale."

"Hiyo ni amri ya lugha ya zamani. Hii mpya haiamriwi, inaelezwa. Kwake usawa ni ule wa hesabu. Umeiambia kwamba kitu ni sawa na kitu hichohicho pamoja na ziada! Itakitafuta mpaka kesho kutwa."

Darasa likaangua kicheko. Bingwa alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sikusoma, Mwalimu," akakiri. "Nilikisia tu."

"Basi keti usome."

Akasoma huku akinung'unika, binamu yake akimwelekeza. Mwishowe akaandika kwamba jumla ya orodha tupu ni sifuri, na jumla ya orodha nyingine ni alama ya kwanza pamoja na jumla ya zilizobaki. Jibu likatokea, lilelile la programu ya kwanza.

"Haya, linganisha," mwalimu akasema.

"Ya zamani naiambia ifanye nini. Mpya naiambia jibu ni nini. Mpya ni fupi, ila imenitoa jasho."

"Hapo umesema haki, na utatuwakilisha. Lakini mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Jifunze kitu kwanza, ndipo ukilaumu. Ukienda kufoka huko mashindanoni kabla ya kusoma, tafadhali, usiwaambie nani alikufundisha."