Nafasi ya Skander Kwenye Foleni

Walikutana soko la samaki la Bab Jebli, siku ya mwisho ya Ramadhani, wakati mji mzima wa Sfax unagombania samaki wa chumvi wa kula Idi. Wejden alimshika samaki mkia. Kijana mmoja akamshika kichwa.

"Kaka, achia."

"Achia wewe. Mimi nimeshika upande wenye macho. Ameniona kwanza."

Wejden alicheka bila kupenda. Alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, na jasho la umati lilikuwa limeanza kumharibia wanja. Kijana alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, na vidole vyenye makovu madogo ya ufundi wa simu. Jina lake Skander.

"Nakuachia," alisema, "lakini samaki mmoja, namba moja ya simu."

Alimpa. Usiku wa Idi simu ikalia.

"Umekula, roho yangu?"

"Roho yako tangu lini? Tumejuana jana."

"Tangu kwenye samaki. Jibu swali."

Miezi ikaenda hivyo, kwa simu, kwa kahawa za Bab Diwan na kwa ugomvi wa dakika tano. Kisha kibanda cha Skander cha kutengeneza simu kikafungwa kwa kukosa wateja, na rafiki yake Hamdi akapata nafasi mbili kwenye boti ya magendo ya kwenda Italia. Skander alimwambia Wejden bila kuzunguka, wiki moja kabla ya uchaguzi wa rais.

"Vijana wakijitokeza Jumapili, nabaki. Wasipojitokeza, naondoka na Hamdi jioni hiyo hiyo."

"Mapenzi yangu umeyatia kwenye sanduku la kura?"

"Sitaki kubaki peke yangu na wazee, Wejden. Nionyeshe kwamba kuna mtu mwingine wa rika langu anayeutaka mji huu."

"Na wewe utapiga?"

"Nitaona kwanza kama wenzangu wanakuja."

Wejden alikuwa na diploma ya ualimu na hakuwa na kazi ya ualimu, kwa hiyo alichukua ukarani wa siku moja kwenye kituo cha kura, shule ya msingi nyuma ya ukuta wa mji mkongwe. Kazi yake ilikuwa chupa ya wino. Kila mpiga kura angechovya kidole mbele yake. Ndiyo maana hakuna mtu mjini ambaye angejua mapema kuliko yeye kama Skander anabaki.

Asubuhi ilipita kama siku ya mazishi. Viti vidogo vya watoto vilikuwa vimepangwa ukutani, na michoro ya jua na paka ilikuwa bado imebandikwa juu yake. Walikuja wazee wa kiume, mmoja mmoja, wakachovya, wakaondoka. Kati ya mmoja na mwingine, Wejden aliweza kusikia chaki ikidondoka kutoka ubaoni. Hakuona kidole hata kimoja kisicho na mikunjo.

Baada ya adhuhuri wakaja akina mama.

Wa kwanza alikuwa Bi Zohra, amejifunika shuka lake jeupe. Mwanawe Ramzi aliingia baharini miaka minne iliyopita na hakuna aliyepiga simu kusema amefika. Bi Zohra hakuja mpaka mlangoni. Alisimama hatua moja nyuma, kana kwamba kuna mtu mbele yake.

"Ingia, mama," alisema Mzee Fethi, msimamizi wa kituo.

"Zamu ya Ramzi kwanza. Mimi niko nyuma yake."

Bi Zohra alisubiri, macho yakifuata kitu kutoka mlangoni hadi kwenye kibanda cha kura, kutoka kwenye kibanda hadi kwenye sanduku. Kisha akaingia yeye, akapiga kura, akachovya. Alipotoka aliwaeleza wenzake uani, kwa sauti ya kawaida, kama anayewaeleza duka lenye mafuta ya bei nafuu.

Foleni ikaanza kurefuka. Kila mama aliacha pengo mbele yake, pengo la mtu mmoja. Foleni iliposogea, mapengo yalisogea nayo, na hakuna lililoliwa. Mzee mmoja aliyetaka kupita katikati aliambiwa, "Kuna mtu hapo." Akasema, "Samahani, mwanangu," akazunguka. Kila mara mlangoni watu wote walinyamaza kusubiri asiyekuwepo amalize kupiga kura, na Wejden, bila kujua anafanya nini, alikuta mkono wake umekwisha kusogeza chupa ya wino mbele.

Kwenye mapumziko alijificha kando ya dirisha, simu ikatetemeka.

"Enhe?" alisema Skander. Nyuma yake palikuwa na vijiko na kelele za wanaume wa mkahawani. "Kukoje?"

"Foleni imefika getini."

"Wallahi? Vijana?"

Wejden alitazama uani. Alihesabu mapengo.

"Wamejaa," alisema, akakata simu.

Alikuwa amemdanganya, na alijua. Lakini ndani ya saa moja Skander alikuwa getini, koti jeusi, viatu vya kamba, begi mgongoni. Alipita pembeni ya foleni akitafuta nyuso. Tabasamu lake lilififia kidogo kidogo. Wejden alitoka mlangoni kumpokea.

"Wako wapi?"

"Skander, nisikilize."

"Nakuuliza wako wapi! Hawa ni mabibi!"

"Punguza sauti."

"Umenidanganya. Wewe! Hamdi ndiye mwongo, siyo wewe. Mbona umeniitia hewa?"

"Na wewe ulikuwa wapi tangu asubuhi?" Sasa Wejden naye aliwaka. "Mkahawani! Mko wangapi huko mkahawani?"

"Labda arobaini."

"Arobaini, kila mmoja anachungulia mwenzake kama ameinuka. Ulitaka waje wengine, wewe ukae uhesabu. Basi mpigie Hamdi. Nenda. Mimi sina kijana mwingine wa kukuonyesha."

Skander akageuka kweli. Alikuwa amepiga hatua kama tatu aliposikia jina lake.

"Sogea, Skander. Foleni inakwenda."

Mama yake, Bi Mabrouka, alikuwa amesimama katikati ya foleni na kilemba chake cha kwendea harusi. Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akisema na pengo lililokuwa mbele yake, na mkono wake ulikuwa hewani, kwenye kimo cha bega la mwanawe.

"Mama."

Hakugeuka.

"Mama, mimi niko hapa!"

Bi Mabrouka alimtazama kama mtu anayeamshwa. Alitazama koti, viatu, begi. Kisha akatazama tena pengo, kana kwamba anachagua kati ya wawili.

"Asubuhi umetandika kitanda," alisema. "Miaka ishirini na tano hujawahi kutandika kitanda. Nikajua. Nikaona nije nikuwekee nafasi mapema, kama wenzangu."

Hakuna mama aliyemtazama Skander. Alivua begi. Aliingia kwenye pengo, na palikuwa na ubaridi wa chumba kilichofungwa muda mrefu. Pumzi ya mama yake ikamgusa shingoni. Mbele yake alikuwa bibi mmoja, na mbele ya bibi huyo hapakuwa na mtu. Skander alisubiri huyo asiyekuwepo naye apige kura. Alisubiri kwa adabu.

Mezani aliacha simu, kama sheria inavyotaka, akaingia kibandani. Simu ikalia. Jina la Hamdi likawaka. Likazimika. Likawaka tena. Wejden hakuigusa. Skander alitoka, akatumbukiza karatasi, akampa kidole, na Wejden akakishika kwenye wino muda mrefu kuliko inavyohitajika. Ndipo Skander akapokea.

"Uko wapi, mjinga wewe?" Sauti ya Hamdi ilisikika chumba kizima. "Mashine imeshawashwa!"

"Nimepiga kura."

"Umepiga nini?" Hamdi akaangua kicheko. "Jamani, bwana harusi kapiga kura!"

"Sisafiri, Hamdi. Na mama yako yuko hapa kwenye foleni. Amekuwekea nafasi."

Kicheko kilikatika. Ilibaki mashine ya boti ikiunguruma, kisha nayo haikusikika.

Bi Mabrouka alichovya kidole, akakipuliza. "Binti, ndiye wewe Wejden wa simu? Kesho kutwa nakuja kwenu, mwambie mama yako. Huyu hafai kuachwa peke yake."

"Bado sijamsamehe uamuzi wake wa kuondoka, mama."

"Na mimi sijakusamehe uongo wako," alisema Skander. Alijikunja kwenye kiti kimoja cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. "Nitakaa hapa mpaka tusameheane."

"Utakaa sana."

"Nina muda."

Saa kumi na mbili geti lilifungwa. Sheria inasema aliyekwisha kuwa kwenye foleni anapiga kura, kwa hiyo walibaki kina mama wachache tu, na mapengo yao. Zamu ya mama yake Hamdi ilipofika, alisimama hatua moja nyuma ya mlango, akaacha pengo la mwanawe.

Mzee Fethi alitazama chini. Skander aliinuka kitini. Wejden akasogeza chupa ya wino mbele, na wote wakatazama mlango, wakimsubiri Hamdi.