Bunduki ya Shemeji

Mama Pacha ni fundi wa miguu ya bandia katika karakana ya hospitali. Asubuhi moja alimpima mtoto wa darasa la pili. Mtoto huyo alikuwa amekanyaga bomu lililotegwa ardhini katika vita vilivyokwisha kabla hajazaliwa. Alimuuliza fundi kama mguu mpya utakua pamoja naye. Mama Pacha alimwambia hapana, kila akirefuka atarudi kutengenezewa mwingine. Siku hiyo alitoka kazini na hasira.

Nyumbani alikuta wanawe pacha sakafuni. Walikuwa wamevuta kitu kirefu kutoka uvunguni mwa kitanda. Ilikuwa bunduki. Aliwatoa nje taratibu, akafunga mlango. Kisha akamwita mumewe.

Mumewe alisema bunduki ni ya mdogo wake, aliomba awekewe. Shemeji alipoitwa, hakuona kosa. Alitaka kujua vita vikirudi watajilinda na nini. Tena mataifa makubwa yana mabomu ya kufuta miji mizima. Bunduki moja yenye kutu ni kitu gani?

"Shemeji," alisema Mama Pacha, "hao wakubwa nitawasema mpaka sauti inikauke. Lakini leo wanangu hawakuchezea bomu la wakubwa. Wamechezea bunduki yako."

Kisha akamtuma mumewe amwite jirani.

Jirani yao, mtegua mabomu, alifika. Aliwakataza kuigusa wala kuibeba, maana huenda ina risasi ndani. Watoto wakae mbali, na kituo cha polisi kipigiwe simu, waje wanaojua kazi hiyo. Shemeji akanung'unika kwamba hata hivyo dunia haitaacha silaha.

"Hata mabomu ya kutegwa tuliambiwa hayaachwi," alijibu mtegua mabomu. "Waliokatika miguu wakapiga kelele, nchi nyingi zikatia saini kuyaacha. Nyingine zimekataa mpaka leo, nyingine zinarudi nyuma. Kwa hiyo kelele hazijaisha."

Shemeji alipiga simu mwenyewe. Polisi waliichukua bunduki bila kumkamata mtu. Majirani walipoona hivyo, nao wakaita polisi waje kuchukua bunduki zao.

Siku ya kuzikatakata hadharani, mkuu wa polisi aliwasifu sana wananchi. Mama Pacha akanyoosha mkono.

"Sisi zetu tumetoa," alisema. "Wanaozitengeneza na kutuuzia, siku yao ni lini?"

Mkuu alijifuta jasho. Alisema jambo hilo liko juu ya uwezo wake.

"Basi tutaenda huko juu," alisema Mama Pacha.

Siku hizi mlio wa risasi uliozoeleka usiku hausikiki tena mtaani kwao. Mama Pacha, shemeji na wagonjwa wa karakana huenda ofisini kwa mbunge kila mwezi na swali lile lile. Mwanzoni mbunge aliwafungia mlango. Sasa ameshawawekea viti, lakini jibu bado hajawapa, na wao hawajaacha kwenda.